Mbwa jike anakojoa damu kidogo kidogo, anachomwa sindano anatulia, baada ya wiki mbili inarudi. Tatizo liko wapi?

Mlinzi_wa_Geti (Dar es Salaam)

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaowajua mbwa kiundani, hasa madaktari wa mifugo na watu wa maabara.

Mbwa ni jike, chotara wa German Shepherd, miaka 4, kilo 22 kwa mzani. Alitolewa kizazi akiwa na miezi 6, kabla ya joto la kwanza (kutaka dume). Ni mbwa wa ulinzi: anafungiwa bandani saa 1 asubuhi, anafunguliwa saa 12 jioni. Anakula ugali wa dona na dagaa, na mifupa mara mbili kwa wiki. Maji anawekewa bakuli la lita 1 asubuhi na jingine jioni.

Dalili zake: akifunguliwa anachuchumaa mara 10 hadi 15 kwa usiku, kila mara kinatoka kama kijiko kimoja tu, na matone ya mwisho ndiyo yenye damu. Mkojo unanuka amonia kali. Anajilamba sana nyuma. Anakula vizuri, joto la mwili ni 38.6, ufizi ni wa pinki, na kupe hana.

Hii ni mara ya tatu ndani ya miezi mitano. Kila mara mhudumu wa mifugo anamchoma penisilini na streptomaisini kwa siku tatu, na mara ya mwisho aliongeza oksitetrasaiklini ya 20%. Siku ya pili nafuu inaonekana, baada ya wiki mbili au tatu tunarudi kule kule. Mwaka huu pia amechomwa deksamethasoni mara mbili kwa ajili ya mwasho wa ngozi. Mkojo haujawahi kupimwa hata mara moja.

Je, ni dawa haifai, ni siku hazitoshi, au kuna kitu kingine ndani? Na je, dagaa ndio chanzo?

---

Dk_Mkunazi (daktari wa mifugo)

Mkuu, umeeleza vizuri, na maelezo yako yana nusu ya jibu. Damu inayotoka mwishoni mwa mkojo, kuchuchumaa mara nyingi, na mbwa ambaye bado anakula bila homa, vyote vinaelekeza kwenye kibofu. Maambukizi yakipanda hadi kwenye figo mbwa huwa na homa, anakataa chakula, anatapika, na mgongo unauma ukiubonyeza nyuma ya mbavu.

Sasa hoja kubwa. Miongozo ya mwaka 2019 ya ISCAID (chama cha kimataifa cha magonjwa ya kuambukiza ya wanyama wa nyumbani), ambayo madaktari wa wanyama wengi wanaifuata, inasema maambukizi ya kibofu yakitokea mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, au mara tatu au zaidi ndani ya mwaka, yanaitwa ya kujirudia. Ya kujirudia hayatibiwi kwa kubadilisha sindano. Yanatafutiwa sababu. Wa kwako kashafika huko, kwa hiyo dozi ya nne bila kipimo ni kupoteza hela na kuwafundisha bakteria usugu.

Sababu ninazozifikiria kwake, kwa mpangilio huu. Ya kwanza ni mawe ya kibofu. Bakteria wa aina fulani, hasa jamii ya Staphylococcus na Proteus, huvunja yurea ya kwenye mkojo na kutoa amonia. Amonia inapandisha pH, na mkojo ukiwa wa alikali, madini ya magnesi, amonia na fosfati hushikana yakawa jiwe linaloitwa struvaiti. Harufu kali ya amonia uliyoitaja inanifanya nilitilie shaka hilo kwanza. Jiwe likishakuwepo linakuwa nyumba ya bakteria: dawa inawaua walio kwenye mkojo, walio ndani ya tabaka za jiwe wanabaki, na baada ya wiki mbili wanatoka upya. Hiyo ndiyo ratiba ya mbwa wako kabisa.

Ya pili ni deksamethasoni. Steroidi hushusha kinga na kuuzimua mkojo, na mbwa anayeipata mara kwa mara anaweza kuwa na bakteria kibofuni bila dalili yoyote hadi siku hali inapochacha. Mwasho utafutiwe chanzo chake, iwe viroboto, utitiri au chakula, badala ya kuchomwa kila msimu.

Ya tatu ni umbile. Jike aliyetolewa kizazi kabla ya joto la kwanza mara nyingine uke wake wa nje hubaki mdogo na kuzama ndani ya mkunjo wa ngozi. Mpanue taratibu kwa vidole viwili uangalie: ukikuta ngozi imefunika juu, ndani kuna unyevu, wekundu na harufu, basi hapo kuna kitalu cha bakteria mlangoni kabisa. Na ya nne umeiandika mwenyewe, ni zile saa kumi na moja za bandani. Mkojo ni maji yanayosafisha njia. Mbwa asiyetaka kuchafua banda lake anaushikilia, na bakteria wachache wanapata siku nzima ya kuzaana.

Kuna mengine ya kuondoa kwenye orodha. Kisukari, ambacho kitaonekana kwa sukari kwenye mkojo. Uvimbe wa zinaa wa kuambukiza, ambao kwa mbwa wanaozurura Afrika Mashariki ni wa kawaida mno: damu inatoka ukeni, si kibofuni, na watu wanadhani ni mkojo. Daktari avae glavu, apake kilainishi na aingize kidole. Uvimbe huo unafanana na koliflawa na unavuja damu ukiguswa. Unatibiwa kwa vinkristini mshipani mara moja kwa wiki, antibayotiki haiugusi. Halafu homa ya kupe ya babesia: mkojo wake ni mwekundu au wa rangi ya chai ya rangi tangu tone la kwanza hadi la mwisho, mbwa ana homa na ufizi mweupe. Wa kwako haonekani huko.

Kwa hiyo: mkojo upimwe na kuoteshwa (bakteria wakuzwe maabara ijulikane ni wa aina gani na dawa ipi inawaua), kisha eksirei ya tumbo. Usimpe antibayotiki yoyote kabla ya mkojo kuchukuliwa.

---

Fundi_Hadubini (maabara, Morogoro)

Naongezea upande wa sampuli, kwa sababu hapa ndipo majibu mengi yanapoharibika.

Sampuli bora ya kuotesha ni ile anayoivuta daktari kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni kupitia ukuta wa tumbo. Mbwa hulazwa chali au ubavu, kibofu kiwe na mkojo kiasi, sindano ya geji 22 yenye urefu wa inchi 1 hadi inchi 1 na nusu, bomba la mililita 10, na ikiwezekana aongozwe na ultrasaundi. Jike ambaye hajatolewa kizazi na anashukiwa kuwa na usaha kwenye mji wa mimba asichomwe tumbo hivyo, maana sindano inaweza kuutoboa. Kwa mbwa wako hilo halipo.

Ukishindwa kupata daktari wa kuvuta, kinga mwenyewe mkojo wa asubuhi kabla hajala. Osha sehemu ya nje kwa maji safi na uikaushe. Tumia upawa mrefu uliochemshwa, acha matone ya mwanzo yapite, kinga ya katikati, mimina kwenye kile kikopo cha mkojo chenye mfuniko wa kuzungusha kinachouzwa duka la dawa. Usitumie kopo la jemu, mabaki ya sukari yatakudanganya kuwa mbwa ana kisukari. Usitumie kopo lililooshwa kwa Jik, dawa hiyo inafanya kipimo kionyeshe damu ambayo haipo. Na usinyonye mkojo kutoka sakafuni kwa bomba ukatuletea tuoteshe. Tutaotesha sakafu yako.

Kipimo cha kawaida kifanyike ndani ya nusu saa. Kama haiwezekani, weka kwenye friji, si kwenye friza, na kifike maabara siku hiyo hiyo. Elewa kwamba mkojo uliokaa kwenye baridi hutengeneza chembechembe za madini ambazo hazikuwemo ndani ya mbwa. Kwa hiyo ukiambiwa "kuna kristali" uliza sampuli ilikaa muda gani. Tena kristali si jiwe. Mbwa wengi wazima wana kristali za struvaiti na hawahitaji tiba.

Stripu zetu (vijikaratasi vya kupimia mkojo) zimetengenezwa kwa ajili ya binadamu. Kwa mbwa, soma pH, damu, protini, sukari, ketoni na bilirubini. Kiboksi cha seli nyeupe kinakosa maambukizi mengi, cha naitraiti nacho hakitegemewi, na cha ukolezi wa mkojo kipuuze kabisa. Ukolezi usomwe kwa rifraktomita, tone moja tu linatosha. Zaidi ya 1.030 figo za mbwa zinakoleza vizuri. Ikibaki kati ya 1.008 na 1.012 kila siku, figo zichunguzwe.

Kisha zungusha mililita 5 kwenye sentrifuji kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, dakika 5. Kama tatizo ni damu, seli nyekundu zitakaa chini na maji ya juu yatakuwa maangavu. Kama ni babesia au misuli iliyochanika, rangi itabaki juu vile vile hata baada ya kuzungusha. Kipimo hicho cha dakika tano kinatenganisha magonjwa mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Mimina maji ya juu, tikisa masimbi (yaliyotuama chini), weka tone kwenye kioo, tazama kwa lenzi ya 40. Seli nyeupe zaidi ya 5 kwa kila eneo la lenzi si kawaida.

Ushauri kwa maabara ndogo: tone la pili la masimbi likaushwe na kutiwa Giemsa, ile ile ya kusomea malaria. Chembe za uchafu zinazocheza kwenye tone bichi zinafanana sana na bakteria. Kwenye kioo kilichotiwa rangi udanganyifu huo unapungua mno, na unaona kama ni vijiduara au vijiti.

Kuotesha mnaweza kuulizia maabara za TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania), pale Temeke au kwenye kanda, au hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) huku Morogoro. Piga simu kwanza uulize wanapokea sampuli siku gani, maana kuotesha kunachukua siku mbili hadi tatu na sampuli ya Ijumaa jioni inaweza kukosa mtu.

---

Mama_Simba

Samahani kuingilia uzi. Wangu ni dume, Maltese, miaka 7, hajahasiwa. Tangu jana jioni anainua mguu hakitoki kitu, leo ni tone moja moja. Amepunguza kula na ametapika mara moja. Duka la dawa wamenipa Lasix wakasema itafungua mkojo. Nimpe nusu?

---

Dk_Mkunazi

Dada, usimpe hiyo Lasix hata robo. Lasix inazifanya figo zitengeneze mkojo zaidi, na wa kwako haukosi mkojo, umekosa njia. Utaongeza presha kwenye kibofu kilichojaa. Usimkande tumbo pia, kibofu kilichovimba kinapasuka.

Mpeleke hospitali yenye daktari sasa hivi, hata kama ni usiku, na piga simu njiani wajiandae. Kwa dume mrija wa mkojo unapita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa ulio ndani ya uume, na jiwe dogo la milimita chache hukwama nyuma tu ya mfupa huo. Mkojo ukizuiwa zaidi ya siku moja, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo huanza kupiga polepole. Kutapika kwake kunaniambia sumu imeshaanza kulimbikizwa.

Kwa daktari atakayempokea: sikiliza moyo kwanza, na kama una mashine ya ECG (ya kusoma umeme wa moyo) iweke. Potasiamu ikiwa juu na moyo umepungua kasi, kalsiamu glukoneti ya 10%, mililita 0.5 hadi 1 kwa kilo, mshipani taratibu kwa dakika kama 10 huku unasikiliza moyo. Haishushi potasiamu, inaukinga moyo kwa muda mfupi upate kufanya kazi. Drip ianze. Kama mpira wa mkojo (katheta) hauingii, vuta mkojo kwa sindano ya geji 22 kupunguza presha, halafu rudi chini. Mlaze usingizi, mpira laini, kilainishi cha kutosha, msaidizi aingize kidole cha glavu kwenye njia ya haja kubwa aubonyeze mrija dhidi ya sakafu ya nyonga, wewe sukuma maji ya chumvi hadi mrija utanuke, kisha msaidizi aachie ghafla. Lengo ni kulirudisha jiwe kibofuni, likatolewe kwa upasuaji mgonjwa akishatulia. Kulisukuma kavu kwa ncha ya mpira ni kuuchana mrija.

Kwa kuwa hajahasiwa, tezi dume nayo ichunguzwe.

---

Mlinzi_wa_Geti

Dada, pole sana, Mungu amjalie. Dokta na fundi, ahsanteni. Majibu yangu haya hapa, mkojo ulivutwa kwa sindano kabla ya dawa yoyote:

Ukolezi 1.034. pH 8.5. Damu 3+, protini 2+, sukari hakuna. Seli nyeupe 40 hadi 50 kwa eneo, seli nyekundu zimejaa, vijiduara vya bakteria, kristali za umbo la jeneza. Iliyoota ni Staphylococcus pseudintermedius. Sugu kwa penisilini, amoksisilini na tetrasaiklini. Inasikia amoksisilini yenye klavulaneti, sefaleksini, na trimethoprimu-salfa. Kreatinini ya damu (kipimo cha figo) kawaida. Eksirei inaonyesha mawe matatu ya mviringo kibofuni, kubwa lina milimita 14. Uke wa nje umefunikwa na ngozi kidogo, si sana.

Daktari amesema kuna njia mbili, kuyayeyusha au kupasua. Ipi?

---

Dk_Mkunazi

Eksirei yenyewe sijaiona, lakini majibu yako yanasema struvaiti: jike, pH 8.5, Staphylococcus, mawe ya mviringo yanayoonekana wazi. Madaktari bingwa wa wanyama wa Marekani kupitia chama chao cha ACVIM walikubaliana mwaka 2016 kwamba struvaiti iyeyushwe kwanza, upasuaji uwe njia ya pili. Kwa jike ni salama zaidi kuliko dume kwa sababu mrija wake ni mfupi na mpana, jiwe linalopungua halikwami kirahisi.

Kuyeyusha kunahitaji mambo mawili yaende pamoja, na moja likikosekana jingine ni bure. Jambo la kwanza ni dawa sahihi. Amoksisilini na klavulaneti, miligramu 12.5 hadi 25 kwa kilo kila saa 12. Vidonge vya wanyama vikikosekana, cha binadamu cha 625 kina uwiano ule ule wa 4 kwa 1; nusu yake ni miligramu 312, kwa kilo 22 ni kama 14 kwa kilo. Usichukue cha 375, klavulaneti yake ni nyingi kwa uwiano na itamharibu tumbo. Mpe na chakula. Na kwa unyevu wa Dar, nusu iliyobaki usiiache wazi kwenye kibati: klavulaneti huharibika kwa unyevu upesi. Ifunge kwenye karatasi yake ya fedha uitumie dozi inayofuata, usiweke akiba ya nusu nusu. Syrup ya watoto isiyo na sukari iogope, nyingine zina zailitoli, kitamu mbadala wa sukari ambacho ni sumu kali kwa mbwa.

Kwa maambukizi ya kibofu ya mara moja tu, yasiyo na jiwe, siku 3 hadi 5 zinatosha, na kumpa mbwa wiki mbili au tatu ni mazoea ya zamani. Hapa pana jiwe, na madaktari hawakubaliani kuhusu muda. Wengi bado wanaendelea na dawa muda wote jiwe linapoyeyuka, kwa kuwa kila tabaka linalofunguka linaachia bakteria wapya. Mimi ningefanya hivyo kwake, huku mkojo ukioteshwa upya njiani kuhakikisha usugu haujabadilika.

Jambo la pili ni chakula maalumu cha kuyeyusha struvaiti, mfano Hill's c/d au Royal Canin Urinary S/O. Kinapunguza magnesi na fosfati, kinashusha pH, na kinamfanya anywe maji. Kwa kilo 22 ni karibu kilokalori 1,100 kwa siku, yaani kama gramu 280 hadi 310 za kavu kulingana na mfuko wenyewe, gawa mara mbili, pima kwa mzani wa jikoni. Kisiambatane na kitu kingine. Kipande kimoja cha mfupa kwa wiki kinaweza kuzuia zoezi zima, na mlinzi wa usiku anayemgawia mbwa ugali wake aambiwe mapema.

Eksirei na mkojo kila wiki nne. Unatafuta pH chini ya 6.5, ukolezi chini ya 1.020, bakteria hakuna, na mawe yamepungua. Kwa kawaida yanaisha ndani ya wiki 8 hadi 12. Endelea mwezi mmoja zaidi baada ya eksirei kuwa safi, kwa sababu jiwe la chini ya milimita 3 halionekani vizuri. Wiki nne zikipita na hakuna kilichopungua hata kidogo, ama kuna mtu anampa chakula kingine, ama bakteria hawajadhibitiwa, ama jiwe si struvaiti tupu. Hapo pasueni.

Kama bei ya chakula hicho kwa miezi mitatu haiwezekani, sema wazi kwa daktari wako na muende upasuaji moja kwa moja. Si aibu, na ni bora kuliko kuyeyusha nusu. Dai mambo matatu: eksirei nyingine kabla hajaamka ili jiwe lisisahaulike ndani, kipande cha ukuta wa kibofu au jiwe lenyewe lioteshwe, na mawe yapelekwe kupimwa yakiwa makavu. Yasiwekwe kwenye fomalini, inabadilisha madini ya struvaiti na jibu linakuja la uongo. Kituo cha Minnesota Urolith Center cha Chuo Kikuu cha Minnesota, kilichoanza mwaka 1981, ndicho wengi duniani wanakotuma.

Maumivu: meloksikamu, miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo siku mbili tatu, kama anakunywa maji na figo ni nzima kama majibu yako yalivyo. Kwake ni miligramu 4.4 halafu 2.2. Kidonge cha binadamu cha 15 ni zaidi ya mara tatu ya dozi. Diklofenaki na ibuprofeni zisimkaribie, zinatoboa tumbo na kuua figo za mbwa. Wala gentamaisini ya duka la pembejeo isitumike "kuongezea nguvu", hiyo nayo ni ya kuangamiza figo.

---

Banda_la_Nakuru (mfugaji wa mbwa, Kenya)

Nijibu la dagaa, sisi tunaita omena, kwa sababu watu wanawaonea. Kwa struvaiti ya jike chanzo ni maambukizi. Mamia ya mbwa wanakula ugali na omena na hawana jiwe. Mawe yakishaisha na maambukizi yakidhibitiwa, hahitaji chakula maalumu maisha yake yote.

Lakini jiwe lina aina yake, na chakula hufuata aina. Kwa Dalmatian, omena, maini na figo ni hatari ya kweli: wana kasoro ya kurithi inayowafanya watoe asidi ya yuriki nyingi, na purini za vyakula hivyo zinageuka mawe ya yureti. Mawe hayo mara nyingi hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida, omba ultrasaundi. Kwa mbwa wadogo kama Shih Tzu, Yorkshire Terrier na huyo Maltese wa Mama Simba, linalotokea sana ni la kalsiamu oksaleti. Hilo haliyeyuki kwa chakula wala dawa yoyote, hutolewa tu, na mchicha usipikwe kwenye chakula chao kwa sababu una oksaleti nyingi.

Hao wanaosema mpe siki au maji ya limau kushusha pH: bakteria wanatengeneza amonia kuliko siki yako inavyoweza kuifuta, na kama jiwe lilikuwa oksaleti umelisaidia kukua.

Maji sasa. Mbwa wa kilo 22 anahitaji karibu mililita 50 hadi 60 kwa kilo, yaani lita 1.1 hadi 1.3 kwa siku, na joto la Pwani linaongeza. Bakuli la lita 1 linalopigwa na jua tangu asubuhi halinyweki ikifika saa 6. Weka mawili ya lita 2, kivulini, mazito yasiyopinduka, yasuguliwe kila siku kuondoa utelezi. Chakula kavu kiloweshe kwa maji ya uvuguvugu nusu lita kila mlo, hiyo peke yake ni lita nzima anaipata bila kujua. Pima kwa siku tatu anakunywa kiasi gani. Akipita mililita 100 kwa kilo, kwake ni lita 2.2, mwambie daktari, hilo ni jambo jingine. Ila ondoa maji ya kwenye chakula uliyomwongezea usije ukashtuka bure.

Na banda. Afunguliwe saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, dakika kumi kila mara, afungwe kamba kama kuna wageni. Kama hakuna mtu mchana, panueni banda liwe na ua mdogo wa mchanga upande mmoja. Mbwa atatoka anapolala aende kukojoa huko.

---

Fundi_Hadubini

Ule mkunjo wa ngozi: pangusa kila siku kwa kitambaa chenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha kabisa, hakuna Dettol. Asinenepe. Akirudiwa tena mawe yakiwa yameisha, daktari afikirie kuipunguza hiyo ngozi kwa upasuaji mdogo.

Akimaliza dawa, leta mkojo uliovutwa kwa sindano siku ya 5 hadi ya 7 tuoteshe. Na huko mbele, kama bakteria wataota lakini mbwa hana dalili yoyote na eksirei ni safi, msikimbilie dawa. Hao huachwa.

---

Mama_Simba

Tumefika saa 4 usiku. Jiwe lilikuwa pale pale nyuma ya mfupa, wamelirudisha kibofuni, potasiamu inashuka. Upasuaji keshokutwa. Nimewaambia wasiliweke kwenye fomalini.

---

Mlinzi_wa_Geti

Tumeanza kuyeyusha leo. Eksirei ya kwanza wiki ya nne, nitaiweka hapa. Mlinzi wa usiku nimeshamwambia kuhusu ugali.